Hotspoti bila bando: kuhamisha mafaili kati ya simu na kompyuta

Simu na kompyuta hazihitaji intaneti ili zirushiane mafaili. Kinachotakiwa ni zote mbili kuwa kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi, na mtandao huo unaweza kutoka kwenye simu yenyewe: zima data, washa hotspoti, unganisha laptopu. Bando linaweza kuwa limeisha tangu juzi na kazi ikaenda vilevile.

Wengi wanalijua hili nusunusu kwa sababu wamezoea kurushiana nyimbo na muvi simu kwa simu. Ikifika zamu ya kompyuta wanarudi WhatsApp. Video ya GB 1 unayojitumia mwenyewe kama hati inakula GB 1 kupanda na GB 1 nyingine kushuka, na picha zikitumwa kama picha zinabanwa hata ukichagua HD. Ukizituma kama hati hazibanwi, lakini bando bado linaliwa. Wengine wanakimbilia flashi, nayo inarudi na virusi vya shotikati kutoka steshenari.

Ninachoeleza hapa kinahusu zaidi Android na Windows, maana ndivyo vilivyo mikononi mwa wengi. iPhone na Mac nitazigusa pale zinapokwenda tofauti.

Njia kwanza, programu baadaye

Ukikwama, mara nyingi programu haina kosa. Vifaa ndivyo havionani. Kwa hiyo anza kwa kuamua simu na laptopu zitakutana wapi.

Zinaweza kukutana kwenye ruta ya nyumbani au ofisini, kwenye hotspoti ya simu, au kwenye hotspoti ya laptopu. Mimi ningeanza na hotspoti ya simu karibu kila mara. Kwenye ruta, kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili: kutoka simu hadi ruta, kisha kutoka ruta hadi laptopu. Kama vifaa vyote viko kwenye masafa yale yale, safari hizo mbili zinagombania hewa moja na kasi inashuka karibu nusu. Kwenye hotspoti kipande kinapita mara moja tu. Ruta inakuwa na maana pale kompyuta ni ya mezani na imechomekwa kwa kebo, kwa sababu hapo ni simu peke yake inayotumia hewa.

Ruta za hoteli, hosteli na vyuo zina balaa lake. Nyingi zimewekwa makusudi ili vifaa vya wateja visionane. Simu inafungua YouTube, laptopu inafungua YouTube, lakini kati yao kimya. Ulinzi huo ni mzuri, na hakuna programu ya kurusha mafaili kupitia mtandao wa ndani itakayoupita. Usipoteze nusu saa kujaribu programu moja baada ya nyingine, washa hotspoti yako.

Hotspoti ya laptopu kwenye Windows 10 na 11 inaitwa "Mobile hotspot". Inapokea vifaa 8, na laptopu yenyewe kwa kawaida inajipa anwani 192.168.137.1. Kasoro yake ni kwamba inakataa kuwaka kama laptopu haina muunganisho wowote wa kugawa, kwa hiyo mahali pasipo na mtandao kabisa haikusaidii. Inafaa zaidi kwa mwenye iPhone, kwa kuwa hotspoti ya iPhone inagoma data ya simu ikiwa imezimwa.

Ukiwa kwenye hotspoti ya Android, zima data kabla ya kuunganisha laptopu, usisubiri baadaye. Windows ikinusa intaneti tu inaanza kushusha masasisho yake kimyakimya, OneDrive nayo inaanza kupandisha picha, na bando la wiki linakwisha wewe ukidhani unahamisha mafaili bure. Kama ni lazima data ibaki imewashwa, fungua sifa za mtandao huo wa Wi-Fi kwenye Windows na uwashe "Metered connection". Inapunguza ulaji, ingawa haiuzuii wote.

Sasa namba ya IP, yaani anwani ya kifaa kwenye mtandao. Kwenye laptopu fungua Command Prompt, andika ipconfig, bonyeza Enter. Tafuta sehemu ya Wi-Fi. Mstari wa "IPv4 Address" ni anwani ya laptopu. Mstari wa "Default Gateway" ni anwani ya kifaa kinachotoa mtandao, na hapa kifaa hicho ni simu yako. Mafunzo mengi yanakariri 192.168.43.1, ambayo ndiyo ilikuwa anwani ya hotspoti za Android za zamani. Simu za sasa zinabadilisha namba, leo hii, kesho nyingine, kwa hiyo usiikariri, isome. Hotspoti ya iPhone ni 172.20.10.1. Ukiona anwani ya laptopu inaanza na 169.254, ujue haijapewa anwani kabisa: zima Wi-Fi ya laptopu, iwashe tena, na kama haijasaidia zima hotspoti uiwashe upya.

FTP, kwa folda nzima

FTP ni kanuni ya kusafirisha mafaili iliyoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971, ni ya zamani kuliko kompyuta za nyumbani, na bado ndiyo ningeichagua kwa folda ya DCIM yenye picha za miaka mitatu. Sababu kubwa ni mahali inapokaa seva, yaani upande unaotoa mafaili. Seva inakuwa kwenye simu, kompyuta ndiyo inayokwenda kubisha hodi. Faiawoli ya Windows huzuia wanaoingia na huruhusu wanaotoka, kwa hiyo haina neno. Programu nyingi zinazodai kuwa rahisi hufanya kinyume, simu inajaribu kuingia kwenye kompyuta, na hapo ndipo ugomvi na faiawoli unapoanza.

Kwenye simu weka Material Files au CX File Explorer. Zote ni za bure, na ya kwanza ni ya chanzo huria, haina matangazo. Kwenye Material Files fungua menyu ya pembeni, gusa "FTP server". Kwenye CX nenda "Network", kisha "Access from network". Kabla ya kuwasha, zima ruhusa ya kuingia bila jina na uweke jina na nenosiri lako. Kama unataka tu kutoa mafaili kwenye simu, acha seva iwe ya kusoma peke yake, na Material Files ina swichi ya kuzuia kuandika. Ukiwasha, itakuandikia anwani, mfano ftp://192.168.43.1:2121.

Namba 2121 ni poti, yaani mlango ambao programu inasubiria wageni. Poti ya kawaida ya FTP ni 21, lakini Android hairuhusu programu ya kawaida kushika poti iliyo chini ya 1024, ndiyo maana watengenezaji wanachukua 2121 au nyingine kubwa. Ukiisahau kuiandika, kompyuta inakwenda kugonga poti 21 ambako hakuna mtu.

Kwenye laptopu fungua File Explorer, yaani dirisha lile la folda, bofya mstari wa anwani juu, futa kilichopo, andika anwani nzima pamoja na ftp:// na poti, Enter. Usiiandike kwenye Chrome. Firefox iliondoa FTP mwaka 2021 kwenye toleo la 90, Chrome ikafuata mwaka huohuo kwenye toleo la 95. Bado watu wanajaribu, brauza inawaambia haiwezi kufungua, wanaamini simu ndiyo mbovu.

Utaulizwa jina na nenosiri, kisha folda za simu zitatokea. Picha za kamera ziko DCIM/Camera. Za WhatsApp zilihama: tangu Android 11 ziko Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media, na za WhatsApp Business ziko Android/media/com.whatsapp.w4b/WhatsApp Business/Media. Folda ya Android/data hutaiona vizuri au utaikuta tupu, kwa sababu Android 11 iliifungia programu nyingine zote. Kama muvi ulizohifadhi ndani ya programu fulani zipo humo, FTP haitazifikia, itabidi uzitoe kupitia programu yenyewe.

Explorer ina tabia moja mbaya. Ukibofya faili mara mbili moja kwa moja kwenye dirisha la FTP, inashusha nakala ya muda na kukufungulia hiyo. Ukihariri hati ya Word ukabonyeza kuhifadhi, mabadiliko yanabaki kwenye nakala ya muda na simu haipati kitu. Kopi kwanza kwenye kompyuta, hariri, kisha rudisha.

Kwa mzigo mkubwa achana na Explorer, weka WinSCP. Unachagua FTP, unaandika anwani kwenye sehemu ya seva, poti kwenye kisanduku chake, jina, nenosiri, basi. Faida yake inaonekana pale muunganisho unapokatika kwenye GB ya tisa kati ya kumi: inaweza kuendelea ilipoishia, wakati Explorer inarudia mwanzo. Inatunza pia tarehe za mafaili. FileZilla nayo inafanya kazi hiyo, ila kisakinishi chake cha Windows huja na ofa za programu zisizohusika, soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza kuendelea. Mwenye Mac ajue kwamba Finder inafungua FTP kwa kusoma tu. Utatoa mafaili kwenye simu, hutaweza kuingiza.

Kioo cha simu kiache kinawaka. Tecno, Infinix, itel, Xiaomi na nyingine nyingi zinaua programu zilizo nyuma ili kutunza chaji, na seva yako ya FTP kwao ni mlaji wa chaji kama wengine. Dalili ni hii: kazi inaanza vizuri, kioo kinazima, dakika mbili tatu baadaye Explorer inaganda halafu inalalamika. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu hiyo, iruhusu itumie betri bila kizuizi, chomeka chaja, ongeza muda wa kioo. Hatua hii peke yake inaponya nusu ya malalamiko ya kwamba FTP inakatika katika.

LocalSend, kwa kazi za kila siku

Kwa hati mbili, picha kumi au video moja, FTP ni kuandika kwingi mno. LocalSend ni ya bure, chanzo huria, haina matangazo, haitaki akaunti, na ipo kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Weka pande zote mbili, fungua pande zote mbili. Kila kifaa kinajipa jina la ajabuajabu. Anayetuma anakwenda "Send", anachagua mafaili, anagusa jina la kifaa kingine, na upande wa pili unakubali. Kwenye Windows mafaili yanatua Downloads. Kinachosafiri kimefichwa kwa HTTPS, hivyo hata kwenye mtandao wa ofisini jirani hasomi.

Jina la kifaa kingine lisipotokea, sababu ya kwanza kwenye Windows ni faiawoli. LocalSend inatumia poti 53317, TCP na UDP. Ilipofunguliwa mara ya kwanza Windows iliuliza kama unairuhusu, na wengi hubonyeza bila kusoma. Windows huuhesabu mtandao mpya wa Wi-Fi kuwa "Public", hivyo ukiiruhusu kwenye mitandao ya "Private" tu, hotspoti yako inabaki nje. Tiba: Settings, Network & internet, Wi-Fi, sifa za mtandao ulioungana nao, chagua "Private network". Fanya hivyo kwa hotspoti yako na ruta ya nyumbani, usifanye kwa Wi-Fi ya mgahawa.

Bado haionekani? Kuna hotspoti zinazomeza matangazo ambayo vifaa hutumia kutafutana, ingawa mafaili yenyewe zingeyapitisha. Hapo usitafute kwa jina, ingiza namba ya IP kwa mkono, LocalSend ina kitufe chake kwenye ukurasa wa kutuma. Kwenye iPhone angalia pia Settings, Privacy & Security, Local Network: tangu iOS 14 kila programu lazima iruhusiwe hapo, na ukigusa hapana siku ya kwanza haiulizi tena. Programu ya iPhone lazima ibaki mbele ya kioo pia, ukitoka kwenda kujibu meseji inasimama.

Kasoro ya LocalSend ni kwamba faili likikatika katikati linaanza upya. Kwa video ya GB 6 kwenye Wi-Fi dhaifu, rudi FTP na WinSCP.

Quick Share ya Google, iliyounganishwa na ile ya Samsung Januari 2024, ina toleo la Windows na inafanya vizuri kama Bluetooth ya laptopu ni nzima, maana Bluetooth ndiyo inayovitambulisha vifaa kabla ya Wi-Fi kubeba mzigo. Xender na SHAREit zinafanya kazi, ila matangazo yamezidi, na SHAREit ya Android iliwahi kukutwa na matundu ya usalama ambayo kampuni ya usalama wa kompyuta ya Trend Micro iliyaweka hadharani Februari 2021. Simu kwa simu pale mtaani sawa. Kwa mafaili ya kazi, sioni sababu ya kuzitumia wakati LocalSend ipo.

iPhone na folda ya Windows

Mwenye iPhone ana njia nyingine isiyohitaji programu yoyote kwenye simu. Kwenye Windows bofya folda kwa kulia, Properties, Sharing, ishirikishe kwa akaunti yako. Kwenye iPhone fungua Files, gusa nukta tatu juu, "Connect to Server", andika smb:// na namba ya IP ya kompyuta, kisha jina na nenosiri la Windows. Hili lipo tangu iOS 13. Linapogomea ni kwenye nenosiri: ile PIN ya tarakimu nne unayofungulia kompyuta haikubaliki hapa, linatakiwa nenosiri halisi la akaunti, na akaunti isiyo na nenosiri kabisa Windows hairuhusu iingie kwa mtandao. Kama huna, tengeneza akaunti ndogo ya ndani ya kompyuta yenye nenosiri kwa kazi hii tu.

Android nayo inaweza kufungua folda hiyohiyo kupitia CX. Kama programu ya zamani inadai SMB1, toleo la zamani la njia hii ya kushirikisha folda, ibadilishe programu, usiiwashe SMB1 kwenye Windows. Ilizimwa kwa sababu.

Faili moja, simu arobaini

Mwalimu mwenye PDF moja na darasa zima linaloitaka asitume kwa Bluetooth mmoja mmoja. Kompyuta yenye Python, lugha ya kuandikia programu, inaweza kuwa seva ya kurasa kwa amri moja. Weka PDF kwenye folda yake peke yake, usiiache folda yenye mitihani. Ingia ndani ya folda hiyo, andika cmd kwenye mstari wa anwani, Enter, kisha andika:

python -m http.server 8000

Wanafunzi wanafungua brauza na kuandika http://, namba ya IP ya kompyuta, nukta mbili, 8000. Orodha ya mafaili inatokea, wanashusha. Faiawoli itauliza, ruhusu. Hotspoti ya Windows ikipokea 8, wakimaliza hao wanatoka wanaingia wengine, au tumia ruta isiyo na intaneti: ruta ya zamani iliyotupwa kabatini inatosha kabisa kwa hili.

Hapa ndipo simu za darasa zitakapofanya kituko chao. Android ikiona Wi-Fi haina intaneti inarudi kwenye data ya simu bila kuaga, na data ya simu haijui 192.168 ni nani. Brauza inazunguka mpaka inachoka. Ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, jibu ndiyo, na ukitaka uhakika zima data. Jambo hilihili linaharibu kazi hata kwa mtu mmoja na laptopu yake, kila mara ambapo simu ndiyo inayoingia kwenye mtandao wa kifaa kingine.

Kasi, na kwa nini yako ni ndogo

Namba zinazotangazwa kwenye boksi ni megabiti, wewe unahesabu megabaiti. Gawa kwa 8, kisha tarajia nusu ya jibu au zaidi kidogo. Simu ya bei nafuu yenye 2.4 GHz pekee inaunganika kwa Mbps 72 hivi, yaani MB 9 kwa karatasi, MB 4 au 5 kwa sekunde kiuhalisia. Simu yenye 5 GHz na Wi-Fi ya aina ya ac inaunganika kwa Mbps 433 au zaidi, na MB 30 kwa sekunde ni jambo la kawaida. GB 16 za picha, kwa mfano, zitachukua saa moja na dakika chache kwa MB 4, na dakika tisa hivi kwa MB 30. Kwa Bluetooth, kwenye MB 0.2 kwa sekunde, ungesubiri saa 22.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu programu, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, tafuta bendi, chagua 5 GHz. Kama jina la hotspoti linatoweka kwenye laptopu baada ya hapo, kadi ya laptopu haina 5 GHz. Hakikisha kwa amri netsh wlan show drivers: ukiona 802.11ac au ax kwenye orodha, ipo. Amri netsh wlan show interfaces inakuonyesha chaneli: 1 mpaka 13 ni 2.4 GHz, 36 na kuendelea ni 5 GHz. Ukilazimika kubaki 2.4, zima Bluetooth, maana spika au mausi ya Bluetooth inatumia masafa yaleyale.

Kinachowashangaza watu ni mafaili madogo. Picha elfu tano za WhatsApp zenye KB 80 kila moja ni MB 400 tu, lakini zinachukua muda mrefu kuliko video moja ya GB 2. Kwa kila faili, FTP inafungua muunganisho mpya, inapeleka, inafunga, na kusubiri huko ndiko kunakokula muda. Zibane ziwe ZIP moja kwenye simu kwanza, hamisha, fungua kwenye kompyuta. Usitegemee ZIP ipunguze ukubwa, picha za JPG zimeshabanwa tayari. Unachookoa ni safari.

Kadi ya kumbukumbu nayo inaweza kuwa ndiyo kizuizi. Kadi ya Class 4 imeahidi MB 4 kwa sekunde za kuandika na si zaidi, hata Wi-Fi iwe ya namna gani. Na kadi za GB 32 kushuka kwa kawaida zimeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Muvi ya GB 4.3 itakwenda mpaka karibu na mwisho kisha ifeli, au itagoma mwanzoni, na ujumbe utasema nafasi haitoshi wakati kadi ina GB 20 wazi. Hamishia kwenye kumbukumbu ya ndani, au umbiza kadi kwa exFAT baada ya kutoa vyote vilivyomo.

Ukivuka GB 100 au hivi, tumia kebo. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa Wi-Fi.

Kabla ya kufuta

Kamwe usifanye "cut" kupitia mtandao. Kopi, linganisha, ndipo ufute. Bofya folda kwa kulia kwenye kompyuta, Properties, soma idadi ya mafaili na ukubwa kwa baiti. Kwenye simu soma vilevile. Idadi ilingane na baiti zilingane, maana MB na GB huhesabiwa tofauti na programu tofauti, baiti ni baiti.

Video ndiyo ya kuogopa. MP4 nyingi zilizorekodiwa na simu zinaandika fahirisi yake mwishoni mwa faili. Ikikosekana MB moja ya mwisho, video nzima haifunguki, hata ile dakika ya kwanza. JPG iliyokatika angalau inakuonyesha nusu ya juu, chini kijivu. Kwa hiyo fungua kila video muhimu, usitazame tu kijipicha chake.

Explorer ikishusha kwa FTP mara nyingi inayapa mafaili tarehe ya leo, na albamu inavurugika. Picha za kamera zina tarehe ya kupigwa ndani yake, panga kwa "Date taken" zitakaa sawa. Za WhatsApp hazina, lakini jina linakuokoa: IMG-20240105-WA0003 ilipokelewa au kutumwa tarehe 5 Januari 2024, zipange kwa jina. ZIP na WinSCP vinatunza tarehe bila shida hiyo.

Ukiwa kwenye kompyuta isiyo yako, steshenari kwa mfano, FTP ya kusoma tu ni salama kuliko flashi kwa sababu kompyuta yenye virusi haina pa kuandika. Ila usiweke tiki kwenye "Save password", na kopi hati unayotaka kuchapisha peke yake. Ukimaliza: zima seva kwenye simu, futa hati kwenye kompyuta mpaka kwenye Recycle Bin, na kwenye orodha ya Wi-Fi bofya hotspoti yako kwa kulia uchague "Forget". Kama foleni ni ndefu na mwenye duka ameshakaa kwenye kiti, badilisha nenosiri la hotspoti kwenye simu yako ukiwa unatoka.